Mkanda Aliolalia Ng'ombe wa Mwenyekiti

Mimi ni fundi mkuu wa mitambo katika ghala la ushirika wa wakulima, nje kidogo ya Eldoret, na katika miaka yangu pale nimeombewa kuliko nilivyosikilizwa. Kila mkutano wa kamati hufunguliwa kwa sala ndefu, na ndani ya sala hiyo hatukosi kutajwa sisi wafanyakazi, Mungu atujalie hekima. Kisha amina inaitikiwa, ajenda zinasomwa, na ukinyoosha mkono ili uitumie hiyo hekima unaambiwa muda umekwenda sana. Nilizaliwa upande wa ziwa, kwa watu wanaosema mambo kwa sauti, na mpaka leo sijajifunza kunyamaza vizuri. Mke wangu huniambia nitakufa kwa presha ya mitambo isiyo yangu.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Wakati wa mavuno wakulima huleta mahindi yakiwa bado na unyevu. Trela linayamwaga shimoni, mkanda wa raba unayachota na kuyapandisha hadi kwenye mashine ya kukaushia, na kutoka hapo yanaingia ghalani. Mkanda wenyewe ni mfupi. Ukiwa mwisho mmoja unaweza kumsalimia mtu aliye mwisho wa pili bila kupaza sauti. Lakini ukikwama, ghala zima limekwama, na mahindi yenye unyevu hayana subira. Yanapata joto, yanashika kuvu, na baada ya hapo hata panya mwenye adabu hayagusi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na sababu yangu ya kuutazama mkanda huo kwa wasiwasi. Nimepanga nyumba Kesses, kwenye boma la mama mmoja mjane aliyenizidi umri vya kutosha kuniita mtoto, naye ananiita hivyo hasa. Ana shamba la mahindi nyuma ya nyumba, na kipimo chake cha unyevu ni meno. Anatia punje mdomoni, anaiuma, anasikiliza. Punje ikilia ta, imekauka. Isipolia, anaitema na kutikisa kichwa kana kwamba imemtukana. Miaka yote alikuwa akiwauzia mabroka waliokuja na malori mpaka mlangoni kwake, wakachukua mahindi mabichi kwa bei waliyoitaka wao. Mimi ndiye niliyemwambia aachane nao.

"Mama, mwaka huu lete kwetu ghalani," nilimwambia tukiwa tumesimama kwenye ua wake. "Tunakausha, tunakuwekea, unauza bei ikipanda."

"Na mashine yenu ikikataa?"

"Mashine ni mimi, Mama."

Alinitazama kutoka viatuni hadi kofiani, polepole, kama anayekagua ndama sokoni. "Haya, mtoto ya ziwa. Kama mashine ni wewe, nitaleta."

Mabroka walipokuja aliwafukuza, na mmoja wao aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Mahindi yale yalikuwa mwaka mzima wa yule mama: dawa zake za presha, mbolea ya msimu uliofuata, sukari, karo ya mjukuu anayeishi naye. Nilijua hivyo. Kila asubuhi nilipompita akifagia mlangoni pake nilikuwa nikijua hivyo.

Sasa, mkanda wetu wa zamani ulikuwa wa kitambaa. Acha nieleze hapa, kwa sababu kamati haikunipa nafasi ya kueleza. Mikanda hii yote ni raba kwa nje, lakini nguvu yake iko ndani. Kuna mkanda ambao ndani yake wamepanga tabaka za kitambaa kigumu cha nailoni. Huo ni mwepesi, unakunjika vizuri kwenye puli ndogo, yale magurudumu yanayouzungusha, na ukichanika unauunganisha kwa klipu za chuma na nyundo, kazi inaendelea kabla ya chakula cha mchana. Halafu kuna mkanda ambao ndani yake wamelaza nyaya za chuma, moja kando ya nyingine, kutoka mwisho hadi mwisho. Huo ni wa kubeba mawe ya mgodi mwendo wa kutoka kwetu hadi Burnt Forest. Unataka puli kubwa kama tangi la maji, maana waya ukikunjwa na kunyooshwa kwenye puli ndogo mchana kutwa, unachoka na kukatika. Na hauungwi kwa klipu. Unaungwa kwa kupikwa, raba kwa raba, na wataalamu wenye mashine yao ambao hakuna hata mmoja anayeishi Eldoret. Kila mkanda ni mzuri mahali pake. Wetu wa kitambaa ulikuwa umechakaa pembeni, na nilichoomba ni mwingine kama huo huo.

Bahati mbaya, kamati ilikuwa imetoka tu ziara ya mafunzo. Walipelekwa mbali kuona mgodi, wakavalishwa kofia ngumu za manjano, wakapigwa picha chini ya mkanda wa chuma uliopotelea milimani usionekane mwisho. Waliporudi hawakuwa watu wale wale. Walikuwa na macho ya watu waliotokewa na malaika. Mwenyekiti, mkulima mkubwa mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa kisasa wa maziwa, na koti la suti asilolivua hata zizini, aliitundika ile picha ofisini, palipokuwa na kalenda.

"Injinia," akaniambia mkutanoni, baada ya sala, "sisi tumeona mkanda. Si kuambiwa. Tumeona."

"Mwenyekiti, ule ulikuwa unabeba mawe."

"Sasa kama inabeba mawe, mahindi itaishinda?"

Wajumbe walicheka, mmoja akapiga meza. Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa kipande cha waya mfukoni, nikakikunja na kukikunjua mbele yao, kunja, kunjua, mpaka kikakatika na ncha yake ikaruka ikaangukia sahani ya mandazi. Nilidhani nimemaliza kesi. Mwenyekiti alikitazama kile kipande kwa huruma.

"Hiyo waya ni ya hapa," akasema. "Ile inatoka ng'ambo."

Mjumbe mmoja akauliza kama kuna ushirika mwingine huku kwetu wenye mkanda wa chuma. Hakuna, nikajibu, na kuna sababu. Sababu haikuulizwa. "Basi sisi tutakuwa wa kwanza," akasema yule mjumbe, na hapo nikajua nimeshindwa. Huu ni mji wa wakimbiaji. Neno la kuwa wa kwanza likishatamkwa mkutanoni, hakuna mjadala tena. Ripoti yangu ikapokelewa, nikapongezwa kwa bidii yangu, chai ikaletwa.

Mkanda ulipatikana kwa muuzaji mmoja mwenye viatu vilivyochongoka, ambaye alikuwa na kipande kilichobaki kwenye kazi ya mgodi na alikuwa akitafuta mahali pa kukitupa. Aliita kutupa huko ofa. Ulikuja juu ya lori, umeviringwa, mnene, mweusi, mzito kiasi kwamba lori liliingia getini likilalia upande. Na kamati ilikuwa ikiusubiri.

Anayeishi hapa anajua jinsi mkimbiaji aliyeshinda ng'ambo anavyopokewa uwanja wa ndege. Anavishwa sinendet, yale majani ya mtambaazi wanayovaa washindi, na anapewa kibuyu cha mursik anywe maziwa yale ya mgando mbele ya watu wakiimba. Ni jambo zuri, na nimewahi kutokwa na machozi nikilitazama. Lakini sikuwahi kuona likifanyiwa raba. Kina mama wa kwaya waliletwa. Sinendet ikazungushwa kwenye mkanda, duara zima. Mwenyekiti akashika kibuyu, akatafuta mdomo wa mkanda, hakuuona, basi akaumwagia mursik juu. Maziwa yakachuruzika hadi kwenye tairi la lori, na mbwa wa soja, yule mlinzi wa geti, akaja kuyaramba. Mchungaji akaomba mkanda uwe baraka kwa kizazi cha nne. Mimi nilisimama nyuma na mikono mfukoni, nikiwa na hasira mpaka masikio yalikuwa ya moto.

Niliomba jambo moja tu: mkanda wa zamani ukishafunguliwa, uwekwe stoo. Wakaitikia wote. Kisha nikapata msiba nyumbani, nikaenda matangani upande wa ziwa, na watu wetu hawaziki mtu haraka. Niliporudi, stoo ilikuwa tupu.

Anayefuga ng'ombe katika baridi yetu atawaelewa wajumbe wetu, nami nawaelewa, ingawa ningependa nisiwaelewe. Kipande cha mkanda wa kitambaa ni godoro bora la ng'ombe. Hapati baridi ya sementi, kwato haziumii, maziwa hayapungui. Madukani magodoro hayo ni ghali. Wajumbe walikuwa wameleta kisu kikali na sabuni ya maji, wakaukata mkanda vipande, kila mmoja akabeba chake, na mwenyekiti kwa heshima ya cheo akabeba kirefu kuliko vyote. Nilipouliza, niliambiwa ile ilikuwa takataka.

Tukaufunga wa chuma. Sitaki kukumbuka sana siku zile. Ulikuwa haukunjiki kwenye puli zetu mpaka tuusukume kwa trekta. Wataalamu wa kuupika walisema puli hizo ni za baiskeli na hawataki jina lao lihusishwe. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwisha kutuma kadi za mwaliko za uzinduzi, akaamuru tutoboe mashimo tuufunge kwa bolti. Nilikataa. Akaletwa mchomeleaji wa geti kutoka mjini, ambaye hakukataa.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, na mgeni rasmi. Riboni ikakatwa, nikaambiwa niwashe. Mota iliguna, mkanda ukaanza kupanda, watu wakapiga makofi. Mkanda wa kitambaa hubonyea katikati ukashika mahindi kama kiganja. Wa chuma ulikuwa mgumu, ukakaa tambarare kama meza, na mahindi yakapanda kidogo kisha yakaanza kumwagika pande zote mbili, juu ya viatu vya mgeni rasmi, na kwaya ikaendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyeiambia isimame. Halafu ile sehemu ya bolti ikafika kwenye puli. Sauti niliyoisikia sijui niiite nini. Mkanda ulikatika, ukateremka chini kwa kishindo, ukalala shimoni. Mgeni rasmi alisema katika hotuba yake kwamba changamoto ni sehemu ya maendeleo.

Msimu ulikuwa umefika. Wiki ile ile matrekta yakaanza kupanga foleni kutoka getini hadi barabarani, na katikati ya foleni lilikuwepo trela la kukodi lenye mahindi ya mama mwenye nyumba wangu, yeye mwenyewe ameketi juu, mwavuli mkononi. Kisha mvua ikaja, ile mvua ya mwisho wa mwaka isiyoalikwa na mtu. Wakulima wakafunika mahindi kwa maturubai, lakini turubai huzuia maji tu, joto halizuii. Ukitia mkono katikati ya trela unahisi vuguvugu. Yule mama alitia mkono asubuhi, mchana, jioni. Aliuma punje. Hakuna iliyolia.

Kamati ilikutana. Walimpigia muuzaji simu, naye akasema mkanda wake hauna shida, puli zetu ndizo ndogo, na yuko tayari kutuuzia kubwa. Puli kubwa zingetaka fremu mpya, fremu mpya ingetaka msingi mpya. Mjumbe mmoja akaunga mkono. Iliundwa kamati ndogo ya kushughulikia puli. Mkanda mpya wa kitambaa ungetoka Nairobi, lakini mwenyekiti alisema kuuagiza sasa ni kuonyesha watu kwamba tulikosea, na afadhali tungoje kwanza hali itulie.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye foleni. Alikuwa ameketi palepale juu ya trela, shuka lake la mabegani limelowa, na niliona haya mpaka nikamwangalia magoti badala ya uso.

"Mashine," akaniita. Hakuniita mtoto. "Sasa imekataa?"

"Mkanda ndio umekataa, Mama. Mimi sijakataa."

"Ile ya zamani ilikuwa inafanya."

"Ilikuwa inafanya."

"Iko wapi?"

Nikamwambia. Nilimtajia zizi moja baada ya jingine, na nani amelaza ng'ombe wangapi juu ya nini, kwa sauti ya watu wa ziwa, na madereva wa matrekta wakazima injini ili wasikie. Yule mama akasema taratibu, akihakikisha ameelewa sawasawa: "Kwa hivyo ng'ombe ya mwenyekiti imelala juu ya mahindi yangu."

Maneno hayo yalishuka foleni nzima upesi kuliko mkimbiaji yeyote wa mji huu. Yalifika barabarani, yakaingia hotelini kwa chai, yakarudi. Kufikia saa za mchana, wake wa wajumbe walikuwa wamekwisha kuyasikia, na nadhani hao ndio waliofanya kazi iliyobaki. Kesho yake asubuhi vipande vilianza kurudi. Vilikuja kwa pikapiki na mikokoteni, vimefunikwa magunia, na walioleta hawakutaka kushuka kusalimia. Tulivisugua kwa brashi, sabuni na maji ya moto, tukavigeuza upande aliolalia ng'ombe ukatazama chini, tukaanza kuviunga kwa klipu. Mafundi wangu walifanya kazi ile wakicheka sana. Tulipomaliza, mkanda ulikuwa mfupi. Kilichopungua ni kile kipande kirefu cha mwenyekiti.

"Twende," akasema yule mama. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu bila kunijulisha.

Mwenyekiti alitupokea uani, gambuti miguuni, koti la suti juu. Alikuwa amefurahi kutuona kwa namna ya mtu anayetaka kukufurahisha kabla hujasema. Karibuni, karibuni, chai iko tayari, mama wa nyumba hii lete kiti. Huku kwetu chai ya mwenyeji haikataliwi, na mwenyekiti alijua kwamba ukishakunywa chai ya mtu ni vigumu kumkunjia uso.

"Sikuja chai," akasema yule mama.

Nilimwona mwenyekiti akikosa mahali pa kuweka mikono yake.

"Mama, si mimi nimekataa kurudisha," akasema. "Hiyo ng'ombe imezaa juzi. Ndama ni kadogo. Baridi hii, nikitoa hiyo kitu, nitakuwa nimeua. Ngoja wiki moja tu."

"Wiki moja," akasema yule mama. "Umewahi kuona mahindi ya maji ikingoja wiki moja?"

Hakungoja jibu. Aliingia zizini. Ng'ombe alikuwa amelala kifalme juu ya mkanda wangu, ndama ubavuni, akitafuna. Yule mama hakumpiga wala kumfokea. Alichuchumaa karibu na sikio lake, akamsemesha kwa Kikalenjin maneno ambayo sikuyaelewa, akamgusa kiuno, na ng'ombe akainuka, mzima mzima, akasogea kando kwa heshima ambayo kamati haikuwahi kunionyesha. Nikaanza kuuviringa mkanda. Yule mama akavuta nyasi kavu kutoka kona ya banda, kumbatio baada ya kumbatio, akazitandaza pale pale nene kama kitanda, akamlaza ndama mwenyewe. Mwenyekiti alisimama mlangoni akitazama. Kisha, nami namheshimu kwa hilo, alivua koti lake la suti, akashika upande wa pili wa mkanda, tukaubeba pamoja hadi garini.

Heshima yangu iliishia getini, maana tulipofika ghalani nilimsikia akimweleza karani kwamba trela za wajumbe zitangulie ili wapime kama mtambo uko salama. Yule mama alisikia pia. Mkanda ulikuwa umeteremshwa chini ya kibanda. Akauketia. Alipanga sketi yake vizuri, akaweka mwavuli magotini.

"Nikimaliza mimi," akasema, "nyinyi mpime."

Hakuna aliyethubutu kumwinua. Karani alipita mbele yake mara kadhaa akijifanya anatafuta kalamu. Mwishowe mwenyekiti akakubali, trela la yule mama likaitwa mbele, naye mama akainuka, na sisi tukapiga klipu za mwisho.

Mtambo ukawaka. Mkanda ule wa viraka ulipanda ukigonga kila klipu ilipopita kwenye puli, ta, ta, ta, na mahindi yakakaa katikati yake bila kumwagika hata punje. Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia yule mchomeleaji wa geti, aliyekuwa amekuja kutazama. Nusu ya kwanza ya trela ilipanda vizuri. Kisha dereva akafikia ya chini, ile iliyokuwa imekaa ndani kabisa kwenye joto, na kabla haijamwagwa shimoni mpimaji wetu aliinusa akainua mkono. Kuvu. Sikuhitaji mashine ya kupima. Hata mimi niliyesimama mbali nilisikia harufu yake.

Nusu ya mwaka wa yule mama ilikuwa pale kwenye trela, imebadilika rangi, imeshikana mabonge. Alichukua bonge moja akalivunja mkononi. Nilitaka aseme kitu, anitukane, aniambie nihame nyumba yake. Mwenyekiti, ambaye moyo wake si mbaya bali hautangulii mdomo wake, akasogea akasema, "Pole, Mama. Hiyo wapatie ng'ombe."

"Ng'ombe ya nani?" akauliza yule mama. "Yako?"

Mwenyekiti alirudi nyuma. Kila mfugaji anajua kuvu ile inafanya nini tumboni mwa ng'ombe.

Yule mama akapanda kwenye trekta, akamwonyesha dereva kwa kidole. Pembeni mwa geti, kwenye kipande cha udongo chini ya mfereji wa paa la kibanda cha soja, tulikuwa tumeuweka ule mkanda wa chuma ukiwa umeviringwa tena, umevishwa upya sinendet yake iliyonyauka. Ulikuwa na sifa moja ambayo lazima niitaje: katika mali zote za ushirika, ndio peke yake ambao hakuna mtu aliyeweza kuukata akaubeba nyumbani. Trela likainuliwa. Mahindi yote yaliyooza yakamwagika kuuzunguka mkanda, lundo zima, na yule mama akaenda zake bila kuangalia nyuma.

Hakuna aliyelizoa lundo lile. Kamati iliogopa kuligusa kwa sababu ingebidi liandikwe kwenye ajenda, na mimi sikuligusa kwa sababu nilitaka walione kila asubuhi. Kuku walikuja, wakakataa. Sehemu kubwa ilioza ikawa mbolea. Lakini si kila punje ilikuwa imekufa, na mfereji wa paa ulikuwa ukidondosha, na siku moja soja akaniita kunionyesha ncha za kijani. Zilipofika usawa wa goti, ulikuwa wakati wa mkutano mkuu wa mwaka.

Mwaka huo tulipata wageni. Kamati ya ushirika mwingine ilikuwa katika ziara ya mafunzo, na ilikuwa imesikia kwamba sisi ni wa kwanza kuwa na mkanda wa chuma. Mwenyekiti aliwatembeza. Ghala aliwaonyesha haraka haraka, kwa sababu ya ule mlio wa klipu. Lakini getini alisimama, maana wageni walikuwa wamekwisha kutoa simu zao wanapiga picha, mkanda mweusi katikati, mahindi ya kijani kibichi kuuzunguka.

"Na haya mahindi?" mmoja wao akauliza.

Mwenyekiti hakukawia. "Hii ni shamba ya mfano," akasema. "Kwa ajili ya wakulima wetu kujifunza."

Wageni wakaandika. Tukaingia ukumbini. Sala, ajenda, hotuba. Ripoti ya mwenyekiti ilisema kwamba msimu ulikuwa na changamoto chache zilizotatuliwa kwa ushirikiano wa wanachama. Ikafika wakati wa maswali, na mkono mmoja tu ukainuka, karibu nami. Yule mama alisimama polepole, akashika kiti cha mbele.

"Mwenyekiti, mimi niko na swali moja. Hiyo mahindi ya geti ikikomaa, ni ya nani?"

Wageni waliinua kalamu wakingoja. Mwenyekiti akaangalia karatasi zake, akaangalia dari, kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe pale kamati iliniomba niseme.

"Injinia," akasema, "jibu hiyo."

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa nimeyaweka tangu siku ya waya na mandazi. Nilikuwa na puli, na bolti, na viatu vya mgeni rasmi. Nikasimama, nikamtazama yule mama, na yote yakanitoka kichwani.

"Ni yake," nikasema. "Na ile iliyooza chini yake pia ilikuwa yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alisema muda umekwenda sana, akamwomba mchungaji atufungie. Tukainamisha vichwa. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa ushirika wetu, kwa wageni, kwa maendeleo, akaomba wafanyakazi wajaliwe hekima. Nilifungua jicho moja. Mama mwenye nyumba wangu hakuwa amefumba macho. Alikuwa akitazama dirishani, upande wa geti, mahindi yake.